Kabla Hujatoboa Sakafu ya Gari Lako kwa Ajili ya Mkanda wa Mashindano

Kijana mmoja alituletea Subaru Impreza yake karakanani, hapa Mwanza, tumkagulie breki kabla hajaanza safari ya Musoma. Nilipofungua mlango wa dereva nikakuta mikanda minne myekundu imekutana kwenye kifungio kimoja juu ya kiti. Mkanda wa kiwandani ulikuwa umekunjwa na kufungwa kwa kamba kwenye nguzo ya mlango, usigongegonge. "Mwalimu, huu ni wa rali," akaniambia kwa furaha. "Ukishaukaza hauachii hata kidogo."

Nilimwomba akae, nikaukaza mwenyewe, kisha nikaenda kusimama nyuma ya kiti. Mikanda ya mabega ilipita juu ya mgongo wa kiti na kushuka karibu wima hadi sakafuni, kwenye bolti za mikanda ya abiria wa nyuma. Nikaishika yote miwili, nikaivuta chini kwa uzito wangu. Akaguna. Mabega yalishuka, mgongo ukajikunja, na mkanda wa kiunoni ukapanda kutoka kwenye mifupa ya nyonga hadi tumboni, usawa wa kitovu. Na hapo gari limesimama, anayevuta ni mzee mmoja tu.

Sasa tupige hesabu ya ajali yenyewe. Dereva wa kilo 70 yuko mwendo wa kilomita 60 kwa saa, anagonga kitu kisichosogea, na mwili wake unasimama ndani ya nusu mita. Mkanda unabeba nguvu ya karibu tani 2. Mikanda ya mabega ikiwa imeshuka wima, sehemu kubwa ya nguvu hiyo inaukandamiza uti wa mgongo kutoka juu. Mkanda wa kiuno ukiwa tumboni, chini yake hakuna mfupa wa kuuzuia. Kuna utumbo, ini na bandama, na mwili unachomoka kwa chini kuelekea kwenye pedali. Ndiyo maana mikanda ya mashindano yenye ncha 5 au 6, yaani sehemu inaposhikizwa kwenye gari, ina kipande kinachopita katikati ya mapaja: kazi yake ni kuuzuia mkanda wa kiuno usipande. Ule wa ncha 4, ambao ndio vijana wetu wengi wanaununua kwa sababu hauhitaji kutoboa kiti, hauna kipande hicho.

Nirudi kwenye neno lake, "hauachii". Hapo ndipo watu wengi wanapoelewa vibaya, maana ubora wa mkanda wa kawaida ni kwamba unaachia kwa kipimo. Mkanda wa ncha tatu tunaoutumia leo ulibuniwa na mhandisi Nils Bohlin wa Volvo mwaka 1959, na kampuni hiyo ikawaachia watengenezaji wengine wote wautumie. Baadaye yakaongezwa mambo mawili ambayo ukitazama kwa macho huyaoni. Gari linapogonga, kibaruti kidogo kinaukaza mkanda mara moja na kuondoa ulegevu. Kisha kifua kinapozidi kuubana, mkanda unajiachia taratibu ili kifua na kichwa viende mbele pamoja, vikapokelewe na mfuko wa hewa wa kwenye usukani. Vitu hivyo vilipimwa pamoja kiwandani.

Mkanda wa mashindano unakibana kifua kabisa, kwa hiyo kinachobaki huru ni kichwa peke yake. Kichwa kinatupwa mbele na shingo ndiyo inayokizuia, na ukivaa kofia ngumu uzito unaongezeka. Dale Earnhardt, dereva mashuhuri wa Marekani, alifariki tarehe 18 Februari 2001 katika mashindano ya Daytona kwa kuvunjika kitako cha fuvu. Hakuwa amevaa kifaa cha kuzuia kichwa na shingo. Mwaka huohuo NASCAR, chama kinachosimamia mashindano hayo, ikakifanya kifaa hicho kuwa lazima, na Formula 1 ikafuata mwaka 2003. Wale walikuwa mabingwa, ndani ya magari yaliyojengwa kwa kazi hiyo, na bado mkanda peke yake haukutosha.

Kuna na paa. Gari la rali lina fremu ya vyuma ndani inayozuia paa lisibonyee. Gari lako la kwendea kazini halina. Likipinduka ukiwa umefungwa wima usiweze kuinama hata upande, bati likishuka linakikuta kichwa chako mahali palepale.

Fundi aliyemfungia kijana yule mikanda ya kiuno alitoboa sakafu akaweka bolti na washa ndogo, kile kipete cha chuma kinachokaa chini ya bolti. Bati la sakafu ya gari dogo lina unene wa karibu milimita 1. Kanuni za FIA, shirikisho la kimataifa la magari, zinadai bamba la chuma la kuimarisha lenye unene usiopungua milimita 3 na eneo la sentimita za mraba 40 kwa kila tundu jipya. Bila bamba hilo, kwenye ajali washa inapita kwenye bati kama kidole kwenye karatasi iliyolowa. Kanuni hizohizo zinataka mikanda ya mabega ielekee nyuma, isishuke kwa zaidi ya nyuzi 45, na zinashauri isizidi 10. Huwezi kuipata pembe hiyo kwa bolti za sakafuni.

Nilimuuliza pia anatokaje barabara za ndani kuingia Barabara ya Nyerere. Pale lazima uinamie usukani uchungulie bodaboda zinazokuja kwa kasi kutoka pande zote. Akakiri kwamba mjini huwa anailegeza. Mkanda wa mashindano ukilegezwa unabaki umelegea hadi wakati wa kugonga. Hauna kile kibaruti cha kuukaza.

Kama unashiriki mashindano kweli, funga seti nzima: kiti kisicholala chenye matundu ya mikanda, fremu ya vyuma, mkanda wa ncha 6, kofia ngumu na kifaa cha shingo. Kama gari hilohilo unalitumia barabarani, mkanda wa kiwandani ubaki mahali pake na ndio uufunge. Ukibadilisha kiti, angalia waya za chini yake, na usikubali fundi akuwekee rizista, kipande kidogo cha umeme cha kuidanganya mitambo ya gari, ili taa ya mfuko wa hewa izimike kwenye dashibodi. Taa hiyo inatakiwa iwake ukifungua switchi, kisha izime yenyewe.

Tulimfungulia mkanda wake wa zamani. Niliuvuta polepole ukaja. Niliuvuta kwa ghafla ukakamata. Ulikuwa mzima, vumbi tu, na vumbi hutoka kwa sabuni ya kawaida na maji ya uvuguvugu, si petroli wala jiki. Ile myekundu tuliikagua mwisho. Mkanda uliothibitishwa na FIA hushonewa lebo inayoonyesha mwaka ambao baada yake haufai kwa mashindano. Kwenye ile ya kijana lebo ilikuwa imekatwa kwa mkasi kabla hajauziwa, na mabaki ya nyuzi zake bado yalikuwa yameshikilia ukingo wa mkanda.