Risasi hewani: kipimo huvaliwa na mfanyakazi

Kwenye karakana za kuyeyusha betri chakavu za magari, kifaa kilichotundikwa ukutani hakiwezi kukwambia mfanyakazi anavuta kiasi gani cha risasi, ile metali ya kwenye betri. Anayeengua uchafu unaoelea juu ya risasi iliyoyeyuka huinamia moshi wenyewe, ukuta uko mbali naye. Ndiyo maana kipimo huvaliwa: pampu ndogo mkandani, mpira unaopitishwa mgongoni, na kaseti (kikasha kinachoshika chujio) ya milimita 37 yenye chujio la selulosi, iliyobanwa kwenye kola, isizidi sentimita 30 kutoka puani na mdomoni. Tundu lielekee chini, chembe kubwa zisije zikadondokea ndani. Akivaa barakoa, kaseti ibaki nje yake.

Pampu irekebishwe ivute lita 2 kwa dakika huku kaseti ya aina ileile imeunganishwa, kwa kuwa chujio huzuia hewa. Ukirekebisha bila chujio, hesabu imeharibika tangu asubuhi. Zamu ikiisha, pima tena. Tofauti ikizidi asilimia 5, sampuli hiyo haifai. Mara nyingi mpira umebanwa na mkanda, betri imeisha, au chujio limejaa vumbi. Kwa hili la mwisho, badilisha kaseti katikati ya zamu na uandike saa.

Saa 8 kwa lita 2 ni lita 960, yaani mita za ujazo 0.96. Maabara ikikuta mikrogramu 72 za risasi, huyo alivuta hewa yenye mikrogramu 75 kwa mita ya ujazo. Kikomo cha sheria ya shirikisho nchini Marekani ni 50 kwa wastani wa saa 8. Zamu ikizidi saa hizo 8, gawanya 400 kwa idadi ya saa. Wa saa 12 anabaki na 33. Maabara iagizwe kupangusa pia kuta za ndani za kaseti, maana risasi hunata huko. Wasipopangusa, jibu litapendeza kuliko hali yenyewe.

Chujio hilo lisitumike kwa wachomeleaji wa chuma cha pua: selulosi hugeuza kromiamu VI, ile yenye kusababisha saratani, kuwa kromiamu III kabla haijapimwa. Wao wapewe chujio la plastiki ya PVC, na kaseti ikae ndani ya kofia ya kuchomelea.

Hewa ikiwa chini ya kikomo, damu bado ipimwe. Risasi iliyo mikononi mwa mtu anayekula chapati bila kunawa haipiti kwenye chujio.