Binti yangu atapata sororiti?

Kila Agosti simu yangu hujaa ujumbe wa wazazi wa Kitanzania na Kikenya waliopo huku Marekani: "Dada, binti yangu amejiandikisha sororiti. Atapata?" Nimekuwa mshauri wa wanafunzi kwenye chuo kimoja cha majimbo ya kusini kwa miaka tisa, na msimu huo mimi hukaa upande wa wanaohesabu. Jibu langu huwaudhi: anataka kupata chama, au anataka kupata chama kile?

(Mama yangu, nilipomweleza kwamba ni vyama vya wasichana vyenye majina ya herufi za Kigiriki, nyumba yao na ada yao, alidhani ni upatu, akauliza tu: "Na mzunguko wa kwanza anapokea nani?")

Nazungumzia vyama 26 vilivyo chini ya National Panhellenic Conference, baraza lililoanzishwa mwaka 1902. Vyama vya Wamarekani weusi, kama Alpha Kappa Alpha iliyozaliwa chuo cha Howard mwaka 1908, vina njia yao tofauti kabisa ya kupokea wanachama. Huko hesabu nitakayoieleza hapa haifanyi kazi.

Katika hivi 26, siku za mwanzo msichana hutembelea matawi yote ya chuoni. Kisha yeye huyapanga kwa kupenda kwake, matawi nayo humpanga yeye, na kesho yake hupewa ratiba fupi zaidi. Inaendelea hivyo duru kwa duru, mpaka abakiwe na tawi moja au mawili.

Watu hudhani tawi maarufu ndilo huita wengi. Ni kinyume. Idadi ya wanaoruhusiwa kuitwa tena huwekwa kwa takwimu: miaka iliyopita, kati ya walioalikwa na tawi hili, wangapi walikubali kurudi? Tawi ambalo kila aliyealikwa hurudi mbio, hulazimishwa kuwaacha wengi mapema. Lile linalokimbiwa huruhusiwa kuita karibu kila mtu. Lengo ni msichana asidanganywe na matumaini hadi siku ya mwisho, lakini ndiyo maana binti mwenye alama nzuri na ulimi mzuri huamka siku ya pili akakuta majumba yote aliyoyaona TikTok yamemwacha kwa mpigo mmoja. Hapo ndipo nisikiapo vilio kwenye korido. Na wengi niliowaona wakikosa, hakuna aliyewafukuza. Walijitoa wenyewe asubuhi hiyo.

Wakati huo mlango wa mwisho ungali wazi. Tuseme wasichana 600 wanafika duru ya mwisho na matawi ni 12: kila tawi hupewa kota, yaani idadi ya kupokea, ya 50. Piga hesabu mwenyewe. Viti vinawatosha wote. Anayefika hapo na kuandika matawi yote aliyoyatembelea siku hiyo, kwa kawaida hupata, hata ikibidi tawi liongezewe mtu juu ya kota. Anayeandika moja tu kwa ukaidi huipoteza kinga hiyo. Ukaidi huo si wa leo: Susan Mongell na Alvin Roth, yule aliyepata Nobel ya uchumi 2012, waliuandika mwaka 1991 walipochunguza jinsi sororiti zinavyolinganisha wasichana na matawi.

Ila asiandike tawi asilolitaka kabisa. Orodha hiyo ya mwisho huitia sahihi, na sahihi ile inamfunga: tawi likimpata akakataa, hataruhusiwa kujiunga na chama kingine kati ya hivyo 26 chuoni hapo mpaka msimu mkuu wa mwaka unaofuata uanze.

Mambo mengine nitayapita haraka. GPA, yaani wastani wa alama za masomo, iliyo chini ya kiwango cha tawi humwondoa kabla hajafungua mdomo. Wa mwaka wa tatu hupata shida kuliko wa kwanza, kwani tawi linataka mtu atakayelipa ada miaka minne. Kuwa na mama au dada aliyekuwa mwanachama hakusaidii kama zamani. Tangu 2020 vyama kadhaa vimefuta upendeleo huo. Gauni, jamani, msikope hela kwa ajili ya gauni.

Na akikosa kabisa, angoje wiki chache. Matawi ambayo hayakujaza nafasi zake huendelea kualika kimyakimya, bila duru wala kompyuta. Msichana hualikwa tu kunywa kahawa na wasichana wawili watatu.