Kamikochi haijawahi kuwa bonde lisiloguswa

Hakuna maneno yanayonichosha kama haya: "Kamikochi ni pazuri kwa sababu hapajaguswa na mtu." Wiki hii nimeyasikia tena, kwa mgeni kutoka Arusha ambaye alitaka pia kujua geti liko wapi na kiingilio ni kiasi gani. Kamikochi ni bonde la milimani katikati ya Japani, na geti la kulipia hakuna. Hifadhi ya taifa ya Chubu Sangaku, ambamo bonde hili limo, ilitangazwa mwaka 1934 bila kuwahamisha watu, na ndani yake mna hoteli, mabanda ya wapanda milima, hekalu la Kishinto na mitambo ya kuchepusha maji ya umeme.

Mambo ya safari niyamalize upesi. Gari liache kwenye maegesho ya Sawando ukitokea mji wa Matsumoto, au ya Hirayu ukitokea mji wa Takayama, kisha panda basi au teksi; magari binafsi yalianza kuzuiwa mwaka 1975. Mabasi huanza katikati ya Aprili na kukoma katikati ya Novemba. Uko mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo beba sweta hata Agosti. Kima usiwalishe. Chakula usikilaze ndani ya hema, dubu wapo.

Sasa hilo la kutoguswa. Tangu enzi za watawala wa Matsumoto wakata miti waliingia huku wakaangusha magogo na kuyateremsha kwa mto. Tokusawa, pale watu wanapopiga mahema kwenye majani, palikuwa malisho ya ng'ombe. Na ziwa la Taisho, linalopigwa picha kuliko yote, ni la juzi tu: mwaka 1915 mlima Yakedake ulilipuka, matope yakaziba Azusa, mto wa bonde hili, maji yakapanda msituni na miti ikafia imesimama. Tangu hapo kila mvua kubwa hushusha mchanga na kokoto ziwani. Lingeachwa lilivyo, lingejaa likawa uwanda. Halijajaa kwa sababu maji yake yanazungusha mitambo ya umeme huko chini, na kampuni inayoyatumia huzoa mashapo. Wageni wanaliita la asili huku uhai wake ukitegemea mashine. Je, ni haki kuliokoa? Miaka mingine nasema ndiyo, miaka mingine nasema mlima ulilitoa na mto una haki ya kulichukua. Vitabu vya hifadhi haviligusi swali hili.

Kinachonikera zaidi ni kudhani kwamba kulinda ni kutuliza. Bonde lenyewe ni tambarare kwa sababu ya fujo: miaka elfu 12 hivi iliyopita volkano iliuziba mto huuhuu, ziwa kubwa likatokea, kisha mashapo yakalijaza hadi juu. Mti unaostahili safari yako ni mwerebi uitwao keshoyanagi, ambao katika Honshu, kisiwa kikuu cha Japani, hauonekani ila huku na kandokando ya Azusa huko chini. Mingine iko Hokkaido, kisiwa cha kaskazini. Mbegu zake huruka na pamba mwanzoni mwa kiangazi na hazikai hai muda mrefu. Zikiangukia kwenye majani, basi. Zinataka changarawe tupu, yenye unyevu, iliyofuliwa na mafuriko karibuni. Inama ukingoni uone: miche mirefu kama kidole imejipanga kwa mstari pale maji yalipokomea, nyuma yake fito za rika moja, nyuma zaidi wazee. Kila safu ina mafuriko yake. Mto ukibanwa kwa matuta usitangetange, wazee watabaki, nasi tutawapiga picha, lakini watoto hawatakuwepo.

Matuta yapo, hasa karibu na daraja la Kappa penye hoteli. Sisemi yabomolewe, watu wanalala pale. Lakini changarawe zinazoletwa na mto hazina pa kutawanyika, kitanda cha mto kinapanda, na tuta nalo linadai kuongezwa. Sijaona mpango unaonishawishi kwamba mchezo huu una mwisho.

Kwa hiyo usiishie darajani. Pita kituo cha Myojin, endelea mpaka Tokusawa na Yokoo, ambako Azusa bado inajigawa mikono na kubadili njia. Mahali fulani mto umeila njia ya miguu. Mimi ni wa upande wa kuhamisha njia tuuache mto. Wenye mabanda wananipinga, na hoja yao ina uzito: mizigo ya chakula na majeruhi kutoka mlima Hotaka hupita njia hiyohiyo.