Makaa mekundu hayana moshi, lakini yana sumu

Mwezi wa sita na wa saba, baridi ya Makete, Njombe na Uyole ikishika, jiko la mkaa huingizwa chumbani. Watu wengi, hata wenye busara zao, huamini kwamba hatari iko kwenye moshi: ukiliwasha nje, ukangoja makaa yawe mekundu, basi unaweza kulala nalo. Si kweli, na imani hiyo inaua.

Makaa mekundu yasiyofuka moshi bado yanatoa kaboni monoksaidi. Gesi hii haina rangi wala harufu, na haimkohozi mtu. Ikiingia kwenye damu hung'ang'ania himoglobini, kibeba oksijeni cha damu, kwa nguvu inayoizidi oksijeni zaidi ya mara 200, hivyo mwili hukosa oksijeni huku kifua kikiendelea kupanda na kushuka. Kichwa huuma, kichefuchefu huja, miguu huishiwa nguvu. Aliyelala huenda asihisi hata hayo.

Kumnywesha maziwa aliyevuta gesi hii, kama wengi wafanyavyo, hakusaidii; sumu haiko tumboni. Aliyezimia usimnyweshe chochote. Fungua mlango, mtoe nje, mkimbize hospitali apewe oksijeni kwa barakoa. Na tafadhali, mwambie daktari kwamba ndani kulikuwa na jiko la mkaa, maana kile kifaa cha kubana kidoleni kinachopima oksijeni ya damu hakitofautishi damu yenye oksijeni na yenye sumu hii; kinaweza kuonyesha asilimia 98, kana kwamba yuko salama, kwa mtu aliye hatarini.

Nyumba nzima ikiamka inaumwa kichwa asubuhi moja, msiseme malaria kabla ya kuuliza jiko lililala wapi.