Mzunguko wa dunia hauifupishii ndege safari

Wapo wanaoamini kwamba, kwa kuwa dunia huzunguka kuelekea mashariki, ndege itokayo Nairobi kwenda New York hufika upesi, eti mji huo unaijia njiani. Ratiba zinaonyesha kinyume: kwa umbali ule ule wa takriban kilomita 11,800, safari ya kwenda huchukua kama saa 15, na ya kurudi kama saa 14. Hewa huzunguka pamoja na dunia na kuibeba ndege iliyomo, kama vile nzi arukaye ndani ya basi asivyogongwa na kioo cha nyuma basi likiwa mwendoni. Kinachotofautisha muda ni upepo mkali wa juu uvumao kutoka magharibi kwenda mashariki, ambao humsukuma anayerudi na kumkabili anayekwenda. Abiria anayetazama skrini ya kiti chake ataona kasi ikipanda au kushuka, ingawa mngurumo wa injini ni ule ule. Pengine kinachowapotosha watu ni tiketi: ukiondoka Nairobi saa 5 usiku mwezi Januari, unafika New York saa 12 asubuhi, kana kwamba zimepita saa 7 tu. Nane zilizosalia ni tofauti ya saa kati ya miji hiyo miwili.