Siafu ni wa mlango gani? Maana ya nusufamilia ya Dorylinae

Masika yakikolea huku Kibosho, juu ya Moshi mjini, iko siku usiku mtu atapiga kelele: siafu wameingia bandani! Kuku hufunguliwa mbio, majivu humwagwa kizingitini, mtoto mchanga hupelekwa kwa jirani. Wakishapita, nyumba haina mende hata mmoja. Kwa hilo tu bibi yangu aliwasamehe.

Wataalamu huwaweka katika jenasi ya Dorylus, iliyomo ndani ya nusufamilia ya Dorylinae. Nusufamilia ni nini? Familia ya Formicidae ni ukoo mzima wa chungu, sisimizi na siafu. Nusufamilia ni mlango mmoja wa ukoo huo, watu wa babu mmoja. Majimoto wanaoshona majani ya mwembe wawe kiota ni wa mlango mwingine, Formicinae. Mchwa hata ukooni hawamo. Ndugu zao ni mende.

Siafu mfanyakazi hana macho kabisa. Hufuata harufu ambayo wenzake wameiacha njiani, wala hawindi peke yake. Malkia naye hana mbawa maisha yake yote, hivyo hawezi kuruka akaanzishe koloni mbali. Koloni hugawanyika, na sehemu moja huondoka na malkia wake kwa miguu. Mayai ya malkia mmoja kwa mwezi huweza kupita milioni.

Dume ndiye kioja. Ana mbawa, macho makubwa na tumbo kama soseji, na usiku hujigonga kwenye taa ya baraza. Ukimdhani nyigu usione haya: mwaka 1764 Linnaeus mwenyewe, Mswidi aliyeweka mtindo wa majina ya kisayansi ya viumbe, alimwandika dume wa Dorylus helvolus kuwa nyigu.

Jina Dorylinae ni la mwaka 1815, ila mipaka yake imehama. Kwa muda mrefu jamaa hawa waligawanywa katika nusufamilia sita, wale wa Amerika wakiitwa Ecitoninae. Mwaka 2014 Seán Brady na wenzake, wakitumia DNA, waliwarudisha wote chini ya jina moja. Humo wamo hata wadogo wasio na msafara wa kutisha, wanaonyemelea viota vya chungu wengine na kula mabuu yao. Kuwaita hao siafu ni kuwatania.