Kiko cha mishaumu hakipakwi rangi, kinaiva chenyewe

Wiki hii nimeletewa kiko cha mishaumu, yaani kiko cha kuvutia tumbaku kilichochongwa kwa jiwe jeupe, ambacho mwenyewe alikilaza usiku kucha kwenye kahawa nzito, eti apate ule ukahawia wa viko vya zamani bila kusubiri. Kimetoka na mabaka mabaka kama ovaroli ya fundi gereji, shingo imelegea mpaka mrija unacheza. Nikamuuliza ulikuwa unawaza nini, akasema navuta mwezi wa tatu huu na bado cheupe pe. Sasa kaka, unavuta Jumapili kwa Jumapili, ulitaka kiweje?

Tuanze na jiwe lenyewe maana ukilielewa jiwe mengine yote yanajipanga. Mishaumu ni neno la Kijerumani, maana yake povu la bahari, na watu wa madini wanaliita sepiolaiti, yaani magnesiamu na silika na maji humo humo ndani, ila kinachotuhusu sisi ni kwamba limejaa vitundu vidogo visivyoonekana kwa macho, ndo maana kipande kikavu ukikitupa majini kinaelea. Lile zuri linachimbwa Eskişehir kule Uturuki na linachongwa likiwa limeloa, maana likiloa linakatika kwa kisu kama sabuni ya mche. Likishachongwa linakaushwa, linapigwa msasa mpaka ling'ae, kisha linazamishwa kwenye nta ya nyuki ya moto. Hiyo nta ndo habari nzima, ishike hapo. (Liko pia la Amboseli, mpakani mwa Kenya na Tanzania, ndo lile la viko vya Arusha vyenye nembo ya tembo vilivyoitwa Kiko hivyo hivyo, ila lile ni zito na la kijivu, haliivi kwa uzuri ule, vingi vilitiwa rangi nyeusi au kuvishwa ngozi.)

Sasa rangi inatoka wapi? Tumbaku ikiungua inatoa mvuke wa maji na lami, jiwe linanyonya vyote viwili, joto linavisukuma polepole kuelekea nje, na vikikaribia nje vinaikuta nta imelainika vinashikana nayo. Kwa hiyo ile rangi sio jiwe kuungua, ni lami iliyokaa ndani ya nta. Inaanza umanjano kidogo kama siagi, inakuja asali, inakuja kahawia, na ukikaa nacho miaka kinafika ule wekundu wa mbao za mahogani. Mara nyingi shingo na kitako cha bakuli ndo vinatangulia kwa sababu unyevu unatuama hapo chini, mdomo wa juu unabaki mweupe mpaka watu wanadhani kiko kibovu, sio kibovu, huko juu moto unaifukuza nta. Halafu kitu kinachowachanganya wengi: mwanzoni rangi inakuja kiko kikiwa cha moto na kikipoa inapotea. Usishtuke, endelea kuvuta, siku moja utaamka asubuhi ukute haijaondoka.

Ndo maana nasema ni mazoea, sio nguvu. Vuta taratibu, kiko kiwe cha vuguvugu tu mkononi, mara moja kwa siku au hata mbili, kizuri cha mishaumu hakihitaji kupumzishwa siku nzima kama cha mbao, ila kipoe kabisa kabla ya kujaza tena. Wanaovuta kama wanapuliza jiko la mkaa ili kiive haraka wanaunguza ulimi wao na wanaifukuza nta bure. Kuna watu wa karne ya 19 walikuwa wanaweka bakuli dogo la pili juu ya lile la kwanza, tumbaku inawaka huko juu na moshi unapita kwenye bakuli la chini bila moto kuligusa, hiyo naielewa, ina akili. Kahawa haina.

Kingine ni ukoko. Kwenye kiko cha mbao tunauachia ukoko wa masizi ujenge ndani, milimita 1 hivi, unakinga mbao zisiungue. Kwenye mishaumu usiuache kabisa. Kwanza unaziba vile vitundu, jiwe litanyonya nini? Pili ukoko ukipata moto unavimba na unaweza kulipasua bakuli, au bori kama wazee walivyoliita. Kila ukimaliza kuvuta, majivu yatoke, tishu iingie ndani izungushwe kwa kidole basi, dakika moja. Kisu usikitumie. Spiriti nayo usiiguse, kwenye viko vya mbao tunaitumia sana ila hapa inabeba rangi uliyoitafutia miaka.

Mambo ya kushika: wengine wanasema ati ukigusa bakuli likiwa la moto alama za vidole zitabaki milele, wengine wanacheka. Mi nimeshaona viko vyenye doa la dole gumba limekaa pale pale kwa hiyo nashika mrija, sibishani na mtu.

Ila hili la kuchomoa mrija sina mchezo nalo. Kumbuka jiwe likiloa linalainika, na ukimaliza kuvuta shingo imeloa kwa ndani, ukizungusha mrija saa hiyo unazungusha na jiwe. Vingi ninavyoletewa vimekufa hapo. Subiri kipoe, pitisha kijiti cha pamba bila kuchomoa kitu, inatosha. Na usikigonge! Mimi mwenyewe, na kazi yangu ndo hii, niliwahi kugonga cha kwangu kwenye ukingo wa meza nitoe majivu huku naongea na simu, nikabaki na mrija mkononi na bakuli sakafuni vipande viwili.

Kiberiti cha njiti kinatosha, zile laita za gesi zenye moto wa bluu zinachoma ukingo mweusi na weusi ule hautoki.

Baada ya miaka kikianza kupauka, nta imekwisha. Ninachofanya: nakipasha kwa draya ya nywele mpaka kiwe moto wa kushikika, napaka nta nyeupe ya nyuki iliyoyeyushwa kwa brashi laini, naendelea kupuliza hadi jiwe liinywe, inayobaki juu nafuta kwa kitambaa cha pamba. Rangi inaweza kuonekana imefifia kidogo siku hiyo, inarudi ukianza kuvuta tena. Kile cha kahawa nimekiacha kwanza kikauke kivulini, nta baadaye, na mabaka mwenyewe itabidi ayazoee.